Simu abaki nayo mwenye hadithi: namna ya kufundisha ujuzi wa kidijitali kwa simulizi huku kwetu Mwanza, Ziwa Victoria

Hii naiandika kwa walimu wenzangu, walimu wa elimu ya watu wazima, viongozi wa vikoba, vijana mnaojitolea kwenye kata, na yeyote ambaye ameshawahi kuambiwa "we si unajua mambo ya simu, hebu tufundishie hawa akina mama". Inawezekana kabisa, ila mara nyingi tunaianzia mkiani. Unakuta semina, projekta ukutani, mwezeshaji anasema hii ni menyu, hii ni mipangilio, bonyeza hapa, rudi nyuma, na mama wa watu ametoka Igombe ameacha dagaa juani anatikisa kichwa tu, chai ikinywewa na menyu imeshasahaulika, kesho yake simu anampa mjukuu amtumie hela kama kawaida. Sio kwamba kichwa chake kizito, ila hiyo menyu hakuwa na kazi nayo.

Sasa njia ninayoielezea hapa inaanza na hadithi ya mtu mwenyewe, jambo lililomkuta, alafu hadithi yenyewe ndo inadai ujuzi. Inataka sauti, basi anajifunza kurekodi. Inataka picha, anajifunza kupiga na kutunza. Simu inamwambia imejaa, anajifunza kufuta. Akimaliza ana video ya dakika mbili yenye sauti yake, na njiani ameokota mambo ambayo semina ingemaliza wiki nzima kuyataja. Sharti ni moja na nitalirudia mpaka mnichoke: simu abaki nayo mwenye hadithi. Ile "lete nikuonyeshe" ndo inaua kila kitu. Weka mikono nyuma, elekeza kwa mdomo, hata kama anabonyeza sipo mara tatu na wewe una haraka ya kuwahi daladala ya Buhongwa.

Wala sio jambo geni kwa Mwanza hili. Kuanzia 1968 mikoa ya huku Kanda ya Ziwa ndo ilichukuliwa kwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, serikali yetu pamoja na UNESCO, na watu wazima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya ufugaji, yaani herufi zilikuja kupitia kazi ambayo mtu tayari anaifanya. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, alafu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 nchi nzima wakakaa vikundi vikundi kusikiliza redio, wakijadili, kisha wanainuka kwenda kuchimba vyoo. Huko California nako mwanzoni mwa miaka ya 1990, Dana Atchley na Joe Lambert walianzisha warsha za watu wa kawaida kutengeneza video fupi za maisha yao kwa picha na sauti zao wenyewe, na kituo kilichotokana na kazi hiyo leo kinaitwa StoryCenter. Warsha zao nazo zinaanza na kukaa duara na kusikilizana, kompyuta inafuata baadaye. Duara sisi tunalo tangu enzi, kilichoongezeka ni simu tu.

Kwanza ratiba, maana hapa ndo wengi wanaangukia pua. Usipange kwa kalenda ya ofisi, panga kwa mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi ya dagaa inapumzika, na mwaloni, yaani pale samaki wanaposhushwa na kuanikwa, kazi inapoa. Siku hizo ndo zako. Ukiita watu siku za giza watakuja wawili, mmoja anasinzia. Saa nayo ni jioni, baada ya kuanua, kama saa 10 hivi, na msimu wa mvua uwe mpole kwa sababu wingu likitanda kila mtu anakimbilia dagaa wake, na asiyekimbia ndo wa kumshangaa. Kikundi kisizidi watu wanane. Mahali popote penye kivuli na pa kukaa: darasa la shule ya msingi wakishatoka wanafunzi, ofisi ya BMU (kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni), kanisani, msikitini, hata barazani kwa mtu. Wasio na simu janja wakae na mwenye nayo wawili wawili, ila wote wawili watatengeneza, sio mmoja mtazamaji.

Siku ya kwanza simu zote mfukoni. Kaeni duara. Anza na kitu cha kuchangamsha, sio lazima "hadithi hadithi", kwa wazee wa Kisukuma rusha tu "kalagu" uone watakavyoitika "kize" kabla hujafunga mdomo, na ukishapata vitendawili viwili vitatu watu wamelegea na aibu imetoka. Alafu ndo uulize. Swali la kuuliza lina uzito kuliko programu yoyote utakayoweka kwenye simu. Ukisema "tuambie historia ya maisha yako" utapewa kuzaliwa, kuolewa, watoto watano, namshukuru Mungu, basi. Uliza kitu kimoja cha siku moja. Mara ya mwisho mvua ilipokukuta dagaa wakiwa juani ulifanyaje? Nani alikufundisha kushona nyavu, na siku ya kwanza ulikosea nini? Kwa mzee fundi wa mitumbwi: mtumbwi gani ulikugomea?

Niwape mfano wa karibu. Mama mmoja, muanikaji, alianza hivyo hivyo kwa kuzaliwa, tukamsikiliza, alafu mwenzie akamuuliza, "na lile turubai dada?" Akacheka kwanza. Kisha akasema: "Asubuhi niliuza turubai nilipe mchango wa shule wa mtoto, mchana mvua ikashuka." Duara lote kimya. Dagaa wake walikuwa mchangani, majirani wenye vichanja walifunika vyao, yeye alisimama na kanga mkononi hajui afunike upande upi. Wale dagaa walichanganyika na mchanga akawauza kwa mtu wa chakula cha kuku. Ndo hadithi hiyo, haihitaji kuzaliwa wala kuolewa. Kazi yako wewe mwalimu ni kumwambia, mama, anzia kwenye turubai. Na hapo usianze kumtungia sentensi nzuri za kwako. Ukishamuwekea maneno ya ripoti kama "changamoto za wajasiriamali wadogo" imeshakuwa ya mradi, sio yake.

Kuna swali naulizwa kila mara, je asiyejua kuandika? Haandiki. Anasimulia kwa jirani yake mara ya kwanza, mara ya pili anajirekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, anajisikiliza, anasema mwenyewe "hapa nimezunguka sana", anarudia. Anayejua kuandika anaweza kuandika, maneno 200 mpaka 250 yanakula kama dakika mbili ukisoma kwa utulivu, ila mimi bado napenda aweke karatasi pembeni akishaikariri maana watu wakisoma sauti inageuka ya kutangaza matokeo ya uchaguzi. Kama Kisukuma, Kikerewe au Kijita ndo kinamtoka vizuri zaidi, arekodi kwa hicho, maandishi ya Kiswahili yatawekwa chini baadaye.

Kurekodi. Ziwani pana kelele kuliko unavyodhani mpaka uisikilize kwenye simu: upepo, injini za mitumbwi, bati, jogoo, mtoto analia, muadhini. Ingieni chumba chenye kitanda na nguo zimetundikwa, godoro na nguo vinameza mwangwi, na chumba kitupu chenye sakafu ya saruji kinaurudisha wote. Simu iwe kama shubiri moja toka mdomoni, kwa pembeni kidogo sio mbele kabisa, ili zile "p" na "b" zisipige mlipuko. Washa kale kaalama ka ndege, vinginevyo katikati ya hadithi anapiga mkwe. Tumia kinasa sauti cha simu yenyewe, rekodi sekunde kumi za ukimya kabla hajaanza, zitakusaidia kuziba mahali ukikata. Na mara tu akimaliza alipatie faili jina: turubai 1, turubai 2. Unaona ni jambo dogo, lakini watu wengi wametumia simu miaka bila kujua kwamba kitu kinaweza kupewa jina na kutafutwa kwa jina hilo, na siku akijua hilo hata zile risiti na picha za vyeti anaanza kuzipanga.

Sasa hapo simu itasema nafasi imejaa. Usikasirike, shukuru. Hili ndo somo ambalo kila mtu analipenda kuliko yote na wala hukuliandaa. Mwambie afungue mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, pale inaonyesha kila grupu limekula kiasi gani, na utasikia vilio: grupu la kijiwe GB mbili, grupu la harusi iliyoisha tangu juzi ya juzi bado linakula, video ile ile ya mahubiri imetumwa na watu sita. Anachagua mwenyewe cha kufuta. Kabla hajafuta muulize mara mbili kuhusu picha za familia, hasa za marehemu, hizo zinahamishiwa kwenye memori kadi kwanza. Mwisho azime ule upakuaji wa kujiendesha wa picha na video, na bando lenyewe litaanza kumaliza siku zake.

Picha hazihitaji kuwa nyingi, nane mpaka kumi na mbili zinatosha dakika mbili. Kabla ya kupiga hata moja, futa kioo cha kamera. Nasema hivi kwa sababu simu ya mtu wa mwaloni ina mafuta ya samaki na magamba juu ya kile kioo kidogo cha nyuma, picha zote zinatoka na ukungu watu wanalaumu simu, kumbe ni kupangusa tu kwa pindo safi la kanga. Alafu muamue mapema, simu wima au simu imelala, msichanganye. Mwanga mzuri ni asubuhi au jioni, saa 6 mchana dagaa wanang'aa mpaka picha inakuwa nyeupe. Sogea, usivute kwa vidole kwenye skrini. Piga mikono inayochambua, piga turubai la jirani, piga mahali palipokuwa na wale dagaa hata kama sasa ni mchanga mtupu, maana hadithi ya jambo lililopita haiwezi kuwa na picha ya siku ile na hakuna anayedai. Picha za zamani za albamu zipigwe mlangoni kwenye mwanga wa pembeni bila flashi.

Na ruhusa jamani. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ila hata isingekuwepo, mtu hapigwi picha anaanika dagaa na nguo za kazi akajikuta kwenye grupu la mkoa. Muulize, mwambie itaenda wapi, na akisema hapana usimbembeleze, piga mikono tu. Watoto, ruhusa ya mzazi. Bandarini na kwenye kivuko ulizeni wahusika kwanza kabla hamjaambiwa mnafanya upelelezi. Mwenye hadithi naye ana haki ya kusema mwaka kesho "hii itoeni", kwa hiyo wewe usiwe wa kwanza kuirusha hadharani. Wakati mwingine hadithi yenyewe inagusa ugomvi wa ndoa au deni la kikoba, hizo ziishie duarani na wala msizirekodi.

Kuunganisha sauti na picha ziwe video, hapa sitakawia. Programu za kuunganishia, CapCut na InShot ndo zimezoeleka, yoyote itafaa. Ipakuliwe kwenye simu moja yenye bando, alafu irushwe kwa wengine simu kwa simu bila intaneti. Weka sauti kwanza, picha zifuate sauti, kila picha sekunde kumi mpaka kumi na tano, ikifika mahali pazito iache ikae. Zile mbwembwe za picha kuzunguka na kulipuka kila mtu atazitaka siku ya kwanza, mwache acheze nazo nusu saa, alafu sikilizeni hadithi zikiwemo na zisipokuwemo, atazitoa mwenyewe. Wimbo wa bongo fleva usiweke, ni kazi ya mtu na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda. Mawimbi mliyorekodi wenyewe yanatosha, au waombeni wanangoma wa mtaani kwenu. Video itoke kwa ubora wa wastani, ule ulioandikwa 720p, inabeba vizuri na haili bando. Ukiituma WhatsApp itume kama faili la hati, ukiituma kama video ya kawaida inaminywa mpaka maandishi ya chini hayasomeki.

Wengi wakishapata video wanapiga makofi wanaenda nyumbani, na mimi naona hapo ndo darasa linaanza. Ile ya turubai mimi nimeitumia kwenye hesabu: ndoo ngapi, bei ya dagaa wa kula, bei ya dagaa wa kuku, tofauti ni kiasi gani, turubai lilikuwa bei gani, kikundi kikinunua turubai moja kubwa kwa pamoja kila mtu anatoa ngapi. Hesabu hiyo walibishana mpaka jua likazama, na wawili kati yao ni watu ambao wanasema hawajui hesabu. Shuleni pia inaingia, wanafunzi wa darasa la tano wakamuulize babu au bibi jambo moja la siku moja, warudi nalo liwe insha, uraia, jiografia ya ziwa, unavyotaka wewe. Kwa wadogo, ile tovuti ya African Storybook ina vitabu vya picha vya Kiswahili vya bure na unaweza kutunga chako humo humo, hadithi ya bibi ikawa kitabu cha kusomea.

Lakini zoezi ambalo nisingekubali liachwe ni la kukata. Chukueni, kwa ruhusa ya mwenyewe na kwenye nakala sio kwenye ile halisi, ile sentensi ya mama: "Dagaa wenye mchanga niliwauza kwa mtu wa chakula cha kuku." Kateni pale baada ya "niliwauza". Chezesheni. Sasa mama amekuwa tapeli anayeuzia watu dagaa wenye mchanga, sauti ni yake, uso ni wake, hakuna neno lililotungwa. Watu huwa wanashtuka kweli kweli, mama mwenyewe zaidi ya wote. Hapo hapo, kabla mshtuko haujapoa, toeni zile klipu zinazozunguka kwenye magrupu, kiongozi fulani kasema hivi, daktari kasema dawa ni hii, na muulize: imekatwa wapi? Kabla ya hapo alisema nini? Nani ameituma kwanza? Alafu mkishafika hapo ingieni kwenye zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" na zile simu za sauti ya mtoto wa shule anayelia ameumia tumeni hela haraka. Wapeni kanuni ya kata simu, piga mwenyewe namba unayoijua. Sauti sa hivi kompyuta inaweza kuiiga ya mtu yeyote, na mtu ambaye ameshakata sauti kwa mikono yake anaelewa hilo bila kuelezwa sana, kuliko yule uliyemsomea tahadhari kumi ukutani.

Mzunguko wa pili usifundishe wewe. Waliomaliza wachukue mtu mmoja mmoja, wewe kaa pembeni na chaja na soketi ya kugawia, na ukiona mama anamwambia mwenzie "shika mwenyewe, mi nakuelekeza" jua sharti limeingia. Vijana wasiachwe wakawa mafundi wa wazee, wabadilisheni, kijana atoe hadithi na mzee ndo amrekodi.

Kuhusu kutunza, kila mwenye hadithi abaki na nakala kwenye simu yake na nyingine kwenye memori kadi ya kikundi, ambayo inakaa kwenye bahasha kwa mweka hazina pamoja na karatasi ya nani karuhusu nini: kikundi tu, shule, au popote. Siku ya kuonyesha tafuteni spika ya kanisani au ya msikitini, ukuta mweupe na projekta mkiipata, mkikosa hata televisheni ya kibanda cha mpira inatosha ila muongee na mwenye kibanda asubuhi, maana kukiwa na mechi ya Simba au Yanga hamtapewa hata dakika mbili.